Gari likirudi limepungukiwa na maji au oili: Pima kwanza, lawama baadaye

KATIKA miji midogo kama Kegonga, makao makuu ya Kuria Mashariki katika Kaunti ya Migori, gari la mtu mmoja aghalabu huwa gari la ukoo mzima. Kukitokea msiba, harusi au mgonjwa wa kukimbizwa hospitalini usiku, mwenye gari huombwa ufunguo. Ni vigumu kumnyima shemeji au jirani ambaye kesho huenda yeye ndiye atakayehitajika.

Mzozo huanza gari likisharudi. Asubuhi, mwenyewe hufungua boneti na kukuta chupa ya akiba ya maji ikiwa tupu, au kijiti cha kupimia oili kikitoka kikavu. Aliyeazima huapa kwamba gari lilikuwa salama safari nzima. Mwenyewe naye huapa kwamba alilitoa likiwa zima. Undugu wa miaka mingi huingia doa, na mara nyingine shauri hilo huishia mbele ya wazee au ofisini kwa chifu.

Yamkini wote wawili wanasema kweli. Kiowevu cha injini hakipotei kwa sababu gari limepata dereva mwingine. Hupotea kwa sababu kimepata njia ya kutokea, na njia hiyo huenda ilianza kufunguka miezi mingi kabla ya ufunguo kutolewa. Safari ndefu huifichua tu. Kwa hivyo, swali la kwanza si ‘nani ameharibu?’ bali ni ‘maji yameenda wapi?’ Swali hilo hujibika, tena kwa gharama ndogo, mradi uchunguzi ufuate utaratibu na ushahidi usifutwe kwa pupa.

Kwa nini safari huliumbua gari

Chukulia gari dogo lenye injini ya lita 1.5, mfano wa Toyota Probox zilizozoeleka mno katika barabara za Migori, Kisii na Kuria. Mwenyewe hulitumia kwenda sokoni na kurudi, akiwa peke yake au na mkewe, kwa mwendo wa polepole. Siku moja linaazimwa kwenda mazishini Homa Bay, kupitia Kehancha, Migori na Rongo, likiwa limejaa watu na mizigo. Kwa jumla, kwenda ni kuteremka kuelekea Ziwa Victoria, ambalo liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kurudi ni kupanda hadi nyanda za Kuria, ambazo ziko juu zaidi kwa mamia ya mita.

Injini inayopanda mlima na mzigo huchoma petroli nyingi zaidi, na sehemu kubwa ya nishati ya petroli haiendi kwenye magurudumu. Kwa makadirio ya kawaida, karibu theluthi moja hutoka na moshi na karibu theluthi nyingine huingia katika maji ya kupozea injini. Maji hayo ndiyo yanayobeba joto hadi kwenye rejeta ili lipulizwe na upepo.

Wengi hawajui kwamba maji hayo yasingeweza kufanya kazi hiyo bila shinikizo. Katika usawa wa bahari, maji huchemka yanapofika nyuzijoto 100. Mahali palipoinuka mita 1,500, huchemka yakifika takriban nyuzijoto 95. Injini nyingi za kisasa hufanya kazi katika joto la kati ya nyuzi 85 na 100, kumaanisha kwamba katika nyanda za juu maji matupu yaliyo wazi yangekuwa yakichemka kila mara. Kinachozuia hali hiyo ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizima chenye nguvu ya baa 0.9 hufungia shinikizo ndani na kupandisha kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya nyuzijoto 110, hata kwenye nyanda hizo.

Mpira wa kifuniko hicho ukichakaa au springi yake ikilegea, shinikizo huponyoka. Katika safari fupi ya sokoni, injini haipati joto la kutosha kuonyesha kasoro hiyo. Katika mlima, maji huchemka, hupanda hadi kwenye chupa ya akiba na kumwagika barabarani kama mvuke. Mwenye gari hataona tone hata moja chini ya gari lake nyumbani, ila atakuta maji yamepungua. Kifuniko hicho ni miongoni mwa vipuri vya bei ya chini kabisa katika gari, na ni busara kukikagua kabla ya kumfikiria mtu vibaya.

Injini ikiwa moto, usiguse

Hatua ya kwanza ya uchunguzi ni kungoja. Kifuniko cha rejeta kikifunguliwa wakati injini ingali moto, shinikizo hutoka ghafla na maji yaliyopita kiwango cha kuchemka hugeuka mvuke papo hapo. Watu wengi wameungua uso na mikono kwa kosa hilo moja. Injini inafaa kuachwa angalau saa moja, na bora zaidi usiku kucha, hadi mpira wa juu wa rejeta uwe baridi ukiushika.

Hatua ya pili ni kujizuia kujaza maji au oili kiholela. Anayejaza kabla ya kupima amepoteza kipimo muhimu kuliko vyote, yaani kiasi kilichopotea. Njia rahisi ni kutumia chupa ya maji ya nusu lita. Jaza polepole, ukihesabu chupa, na kuandika idadi yake pamoja na kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi. Maji yaliyopungua kwa nusu kikombe na yaliyopungua kwa lita tatu ni habari mbili tofauti kabisa.

Fauka ya hayo, maji baridi hayafai kumiminwa katika injini iliyochemka. Silinda hedi za magari mengi madogo hutengenezwa kwa alumini, metali ambayo hupinda au kupasuka ikipoozwa kwa ghafla. Mara nyingi uharibifu mkubwa hautokani na maji kupungua, bali na ndoo ya maji ya mto iliyomiminwa na wasamaria wema kando ya barabara.

Gazeti la jana na rangi ya matone

Baada ya kujaza hadi alama inayofaa, gari liegeshwe mahali pa tambarare na chini yake patandazwe karatasi za gazeti au katoni jeupe usiku kucha. Asubuhi, rangi na mahali pa matone vitasema mengi.

Matone ya kijani, mekundu, ya waridi au ya buluu, yenye harufu inayokaribia utamu, ni ya dawa ya kupozea injini. Yakiwa mbele kabisa, tuhuma ziende kwa rejeta na mipira yake. Yakiwa ubavuni mwa injini, upande wa mikanda, pampu ya maji ichunguzwe. Pampu nyingi huwa na tundu dogo lililowekwa makusudi ili kuonyesha kwamba sili ya ndani imechoka, na alama ya maji chini ya tundu hilo ni ushahidi tosha.

Matone ya kahawia au meusi yanayoteleza ni oili ya injini. Mekundu yenye mafuta huwa ya giaboksi ya otomatiki au ya usukani. Meupe au ya manjano hafifu yanayoteleza, hasa karibu na gurudumu, huenda ni mafuta ya breki. Gari la namna hiyo halifai kuendeshwa hata hatua moja kabla ya fundi kulikagua. Maji matupu yasiyo na rangi wala harufu, yakidondoka upande wa abiria baada ya kiyoyozi kutumika, si ugonjwa. Hayo ni unyevu wa hewa uliogandishwa na kiyoyozi.

Tahadhari moja inahitajika. Gari likienda mbio, upepo hurudisha oili nyuma na kuipaka sehemu nyingi za chini. Mahali pa kulaumiwa si pale palipolowa zaidi, bali ni sehemu ya juu kabisa na ya mbele kabisa iliyolowa. Fundi mwangalifu huosha injini, huendesha gari kwa dakika chache, kisha hutafuta mahali panapolowa upya.

Kijiti kinasema nini

Oili hupimwa gari likiwa tambarare, injini ikiwa imezimwa kwa dakika tano hadi kumi ili oili yote ishuke. Kijiti hutolewa, hufutwa, hurudishwa hadi mwisho, kisha hutolewa tena na kusomwa. Katika injini nyingi ndogo, umbali kati ya alama ya chini na ya juu huwakilisha takriban lita moja.

Kinachofuata ni hesabu. Injini zote hula oili kidogo. Baadhi ya watengenezaji huandika katika vitabu vya mwongozo kwamba injini inaweza kula hadi lita moja kwa kila kilomita 1,000 na ikahesabiwa kuwa bado iko katika mipaka inayokubalika. Ikiwa gari limerudi na upungufu wa robo lita baada ya kilomita 300, huo ni mwendo wa chini ya kipimo hicho. Hakuna aliyeharibu kitu. Injini imezeeka tu, na huenda mwenyewe hakuwa akipima.

Lakini gari likirudi na upungufu wa lita moja na nusu baada ya kilomita hizo hizo 300, hiyo ni sawa na lita tano kwa kilomita 1,000. Pistoni zilizochakaa zingeweza kuchoma kiasi hicho, ila moshi wake ungeonekana na kila aliyekuwa nyuma ya gari. Kama moshi haukuonekana, oili imemwagika, na mahali ilipomwagikia patapatikana. Filta ya oili isiyokazwa vyema, nati ya kumwagia oili iliyolegea baada ya huduma ya juzi, na sampu iliyogonga jiwe ndivyo vya kutazamwa kwanza. Sampu ni karai linalohifadhi oili chini ya injini.

Rangi ya oili nayo izingatiwe. Oili iliyogeuka na kufanana na chai ya maziwa imechanganyika na maji. Katika hali hiyo injini isiwashwe tena, kwa kuwa mchanganyiko huo haulainishi vyuma inavyostahili. Hata hivyo, utando mdogo mweupe chini ya kifuniko cha oili pekee si ushahidi kamili. Katika sehemu zenye asubuhi za baridi, gari linalofanya safari fupi fupi hukusanya unyevu hapo bila kuwa na kasoro yoyote. Kijiti ndicho cha kuaminiwa zaidi kuliko kifuniko.

Kiowevu kinapopotea bila tone

Ugumu huzidi pale gazeti linapobaki kavu ilhali maji yanazidi kupungua. Hapo ina maana kwamba yanapotea ndani ya injini, ndani ya gari lenyewe, au barabarani pekee wakati shinikizo liko juu.

Dalili ya mvua ni mawingu, na ya injini ni moshi. Moshi mweupe mzito unaoendelea hata injini ikishapata joto, hasa wenye harufu tamu, humaanisha kwamba maji yanaingia ndani ya silinda na kuchomwa. Mvuke mwepesi wa asubuhi unaoisha baada ya dakika chache ni wa kawaida. Moshi wa rangi ya buluu ni oili inayoungua. Ukitokea gari linapopanda mlima, ringi za pistoni hushukiwa. Ukitokea mara tu gari linapowashwa baada ya kulala, sili za vali ndizo hushukiwa. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi na hauhusiani na upotevu huu.

Maji yakipotea ndani, mshukiwa mkuu ni gasketi ya silinda hedi. Gasketi hiyo hutenganisha silinda, njia za maji na njia za oili. Ikipasuka, gesi ya moto kutoka kwenye silinda hupenya hadi kwenye maji. Fundi hufungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, kisha huiwasha na kutazama. Mapovu yanayopanda mfululizo, au mpira wa juu wa rejeta unaokuwa mgumu kabla injini haijapata joto, ni dalili mbaya.

Kuna vipimo viwili vya kuondoa shaka. Cha kwanza ni pampu ndogo ya mkono inayofungwa mahali pa kifuniko cha rejeta, ikatia shinikizo injini ikiwa imezimwa. Mshale ukishuka, kuna mahali panapovuja, na mara nyingi patajionyesha papo hapo. Cha pili ni chombo chenye dawa ya buluu ambayo hugeuka manjano ikikutana na gesi ya moshi wa petroli juu ya maji ya rejeta. Vifaa hivi si vya miujiza wala si vya karakana kubwa pekee. Anayepanga kufungua injini ya mtu bila kutumia hata kimoja anabahatisha kwa pesa za mwenye gari.

Pia zulia la upande wa abiria wa mbele likaguliwe. Likiwa limelowa na kioo cha mbele kikiwa na ukungu unaonata, hita iliyo nyuma ya dashibodi ndiyo inayovuja.

Vumbi ni shahidi

Baada ya njia ya upotevu kujulikana, ndipo swali la nani linaweza kuulizwa. Hapa barabara za vumbi za Kuria husaidia kuliko kiapo.

Oili inayovuja kwa muda mrefu hushika vumbi. Tabaka hujengeka juu ya tabaka, hadi sehemu hiyo ikawa na ganda jeusi gumu linalohitaji kukwaruliwa kwa bisibisi. Ganda kama hilo halijengeki kwa safari moja ya mazishini. Ni la miezi. Mvujo mpya, kwa upande mwingine, hulowa na kung’aa, na mara nyingi huosha vumbi lililokuwapo.

Maji ya kupozea nayo huacha alama. Yakivuja kidogo kidogo na kukauka, huacha unga mweupe, wa kijani au wa waridi kwenye viungo vya mipira na kandokando ya rejeta. Unga mkavu ni kumbukumbu ya mvujo wa zamani. Mpira uliopasuka ghafla huwa na mpasuko safi, ilhali uliochakaa huwa na nyufa nyingi ndogo karibu na klipu.

Kwenye sampu, jeraha jipya la jiwe huonyesha chuma kinachong’aa. La zamani huwa na kutu na vumbi. Hapo dereva aliyepita kasi kwenye mashimo hana pa kujificha, ila pia hapo ndipo aliyeazima hupata utetezi wake ikiwa jeraha lina kutu.

Ndiyo maana haifai injini kuoshwa kabla ya kutazamwa na pande zote mbili. Picha chache za simu, zikipigwa mbele ya aliyeazima, huokoa maneno mengi.

Taa iliwaka wapi?

Maswali kwa aliyeazima yana nafasi yake, lakini yaulizwe kwa namna itakayoleta majibu. Anayeulizwa ‘ulilifanya nini gari langu?’ atajitetea. Anayeulizwa ‘taa nyekundu iliwaka mkiwa wapi, na mlienda umbali gani baada ya hapo?’ anaweza kukumbuka na kueleza.

Jibu la swali hilo ndilo hutenganisha bahati mbaya na uzembe. Rejeta kuanza kuvuja njiani si kosa la dereva. Kuendelea na safari wakati kipimo cha joto kimefika juu, au taa ya oili imewaka, ni kosa. Taa ya oili haionyeshi tu kwamba oili ni kidogo, bali kwamba shinikizo lake limeanguka na vyuma vinasagana. Dakika chache za kukaidi taa hiyo zinaweza kumaliza injini.

Hata hivyo, mwenye gari akumbuke jambo moja. Kipimo cha joto husoma joto la maji. Maji yakiisha kabisa, kifaa hicho hubaki kwenye hewa na mshale unaweza hata kushuka, ingawa chuma cha injini kinazidi kuungua. Aidha, magari mengi madogo hayana mshale, yana taa tu. Dereva mgeni anayesema kwamba hakuona kitu si lazima awe mwongo.

Iulizwe pia ikiwa maji yaliongezwa njiani, ya aina gani na injini ikiwa katika hali gani. Maji ya mto yana chumvi na matope ambayo huziba mirija myembamba ya rejeta na kuleta kutu. Yaliyoongezwa kwa dharura yanafaa kumwagwa mapema na kubadilishwa kwa dawa ya kupozea iliyochanganywa na maji safi. Ingawa katika sehemu hizi hakuna barafu ya kugandisha injini, dawa hiyo bado inahitajika, maana huzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka.

Vilevile, mwenye gari ajihadhari na ushauri wa kuondoa thamostati ‘ili injini isichemke’. Kifaa hicho, ambacho katika magari mengi hufunguka maji yakifika takriban nyuzijoto 82, huiwezesha injini kupata joto inalohitaji. Kukiondoa ni kuficha ugonjwa, na injini inayofanya kazi ikiwa baridi hula petroli zaidi na kuchakaa haraka.

Bima na sheria

Wengi hudhani kwamba bima italipa. Bima ya lazima nchini Kenya, chini ya Sura ya 405 ya sheria, huwalinda watu wengine wanaojeruhiwa au kufariki kutokana na gari. Haihusu injini ya mwenyewe. Hata bima kamili kwa kawaida haijumuishi uchakavu na kuharibika kwa mitambo. Injini iliyoungua kwa kukosa maji aghalabu hubaki kuwa mzigo wa wahusika.

Kuhusu wajibu, kanuni za sheria ya Uingereza ambazo Kenya ilirithi zina mizani yake. Tangu kesi mashuhuri ya Coggs dhidi ya Bernard ya mwaka 1703, anayeazima kitu bila malipo hutarajiwa kukitunza kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu faida yote ni yake. Hata hivyo, halaumiwi kwa uchakavu wa kawaida wa matumizi waliyokubaliana. Naye mwenyewe, akiwa anaijua kasoro ya hatari asiitaje, anaweza kuwajibika kwa madhara yake. Aliyejua kwamba rejeta inavuja akanyamaza hana mahali imara pa kusimamia.

Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 kinahimiza usuluhishi wa mizozo, ikiwemo njia za kitamaduni, na wazee wengi wana uwezo wa kumaliza shauri kama hili wakiletewa ushahidi badala ya hisia. Ikishindikana, Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 iliweka njia ya haraka kwa madai ya uharibifu wa mali. Kiwango cha juu cha madai kiliongezwa hadi Sh1 milioni mwaka 2020, na kesi inatakiwa kukamilika katika siku 60. Mahakamani pia, kitakachoulizwa ni kile kile: gari lilikuwa katika hali gani lilipotolewa?

Kabla ya kutoa ufunguo

Jibu la swali hilo hutayarishwa kabla ya safari, na halichukui zaidi ya dakika tano. Mwenye gari na anayeliazima wafungue boneti pamoja. Wapime oili kwa kijiti, watazame maji kwenye chupa ya akiba, waangalie mafuta ya breki, na wachungulie chini ya gari. Kilomita zinakiliwe na picha zipigwe. Kasoro zinazojulikana zitajwe bila haya, na anayeazima aonyeshwe taa nyekundu za dashibodi na kuambiwa kwamba ikiwaka mojawapo, gari lisimame na simu ipigwe, hata kama maiti inangojwa kaburini.

Gari likirudi, kipimo hicho hicho kirudiwe, wote wawili wakiwepo. Waswahili husema kukopa harusi, kulipa matanga. Mara nyingi matanga hayo huletwa na mambo mawili: mwenye gari aliyetoa gari bila kulipima, na aliyeazima akalirudisha usiku na kuning’iniza ufunguo mlangoni bila kusema neno.

Kwa anayekuta chupa tupu leo asubuhi, mpangilio ni huo huo. Injini ipoe. Kiasi kipimwe. Gazeti litandazwe. Fundi aitwe nyumbani badala ya gari kuendeshwa hadi kwake. Kisha shemeji aitwe naye, atazame chini ya boneti pamoja na mwenyewe. Kama mpira wa rejeta umechakaa, wataununua na kuendelea kusalimiana. Kama sampu ina jeraha linalong’aa, atakuwa ameliona kwa macho yake mwenyewe.